Utosi ni dirisha la ubongo

Somo langu la kwanza la altrasaundi huanza na mfupa wa bega la ng'ombe. Naununua buchani Mwanjelwa, hapa Mbeya, nauchemsha hadi ubaki mweupe, kisha naulowanisha majini usiku kucha ili hewa itoke kwenye vitundu vyake. Pembeni nina bakuli la jelatini iliyoganda, katikati yake nimezamisha puto dogo lililojaa maji. Mwanafunzi akiweka probu, kile kishikio cha mashine kinachogusishwa mwilini, juu ya jelatini, puto linaonekana kwenye skrini kama duara jeusi, safi kabisa. Tukiuweka mfupa katikati, picha inakufa. Unabaki mstari mweupe mkali juu, na chini yake giza tupu.

Giza hilo limewasumbua wahandisi wa vifaa tiba na wataalamu wa ubongo kwa zaidi ya miaka 70.

Ukisimama chini ya mlima Loleza ukapiga ukelele, mwangwi utakurudia. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu muda wa mwangwi unajua mwamba uko umbali gani. Mashine ya altrasaundi inafanya hesabu hiyohiyo. Ndani ya probu mna vipande vinavyotikisika vikipitishiwa umeme, na mwangwi ukirudi na kuvitikisa, navyo hutoa umeme. Kwamba fuwele ikikandamizwa hutoa umeme, waligundua ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Katika nyama laini ya mwili sauti hukimbia kama mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita 1 chini ya ngozi hurudi kwa sehemu 13 tu za milioni ya sekunde.

Kwenye mfupa mwendo huo unakaribia kuwa mara mbili. Sauti inapofika mpakani, sehemu kubwa inarudishwa, na inayoingia inamezwa na kugeuka joto. Daktari wa Austria, Karl Dussik, alijaribu katika miaka ya 1940 kupiga picha ya vyumba vya maji vya ubongo kwa kupitisha sauti kichwani. Baadaye ikabainika kwamba alichokiona zaidi ni kivuli cha fuvu lenyewe. Katika miaka ya 1950, William Fry na mdogo wake Francis, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walikusanya sauti kwenye nukta moja ndani kabisa ya ubongo, lakini ilibidi kwanza kipande cha fuvu kiondolewe.

Leo fuvu halifunguliwi. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu tiba ya mikono inayotetemeka kwa kofia yenye vyanzo 1,024 vya sauti, mgonjwa akiwa ndani ya MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku. Fuvu halina unene sawa kila mahali, kwa hiyo hupigwa CT skani kwanza, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, kisha kompyuta inakipangia kila chanzo muda wake ili sauti zote zifike pamoja. Fikiria madereva bodaboda 1,024 wanaotakiwa kufika Uyole kwa wakati mmoja. Anayepita lami atawahi, anayepita vumbi la milimani atachelewa, basi wa lami inabidi achelewe kuondoka. Mfupa mnene ndio lami. Na kwa kuwa mfupa unameza sauti na kupata joto, maji baridi huzungushwa kati ya kofia na kichwa muda wote.

Naipenda sana kazi hiyo na ninaifundisha kwa moyo wote. Lakini kila mtoto anayezaliwa Mbeya anakuja na tundu ambalo Fry na ndugu yake walilazimika kulikata.

Mama yeyote huku anaujua utosi. Anauona ukidunda mtoto akinyonya, na ukibonyea mtoto akiharisha, anajua maji yamempungukia mwilini. Kwa watoto wengi utosi wa mbele hufunga kati ya miezi 12 na 18. Kabla ya hapo, jeli kidogo na probu yenye uso mdogo vinatosha kuuona ubongo: damu iliyovuja kwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, au vyumba vya maji vilivyotanuka kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa. Maji hayo huonekana meusi, kama puto langu. Ile probu ya wajawazito ni pana, haikai vizuri juu ya utosi, na hili watu husahau wanapoagiza mashine.

Mama huniuliza kama sauti hiyo haitamuumiza mtoto masikio. Sikio la binadamu huishia kwenye mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde; probu hii hutikisika mara milioni 5 na zaidi. Tena haina mionzi kama CT skani.

Kituo kimoja cha afya nilichokwenda kutengeneza mashine, nilimkuta mama na mtoto wa miezi 7. Kichwa kilishakua, macho yanaangalia chini, na mama ameandikiwa safari ndefu kwenda kupigwa CT skani, nauli hana. Utosi wa mtoto ulikuwa wazi, umetuna. Mashine ya altrasaundi ilikuwa chumba cha pili, na probu ndogo imo kwenye droo, haijatolewa hata kwenye mfuko wake. Hakuna aliyewahi kuwafundisha pale kwamba inawekwa kichwani. Sijaweza kulisahau droo lile.

Wiki iliyopita tulitoboa ule mfupa wa ng'ombe tundu la upana wa vidole viwili, tukaurudisha juu ya jelatini. Mwanafunzi akaweka probu ndogo kwenye tundu, akaiinamisha polepole kushoto na kulia, na puto likarudi kwenye skrini. Sasa tumetengeneza mabakuli 4, mawili yana puto dogo na mawili yana puto lililotanuka, na Alhamisi tunayapeleka kwa wakunga wajizoeze kuyatofautisha. Jelatini tutaipika Jumatano usiku, maana haikai siku mbili bila kuvunda.