Namba 2,147,483,647 na sifa zake

Andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Jibu ni 2,147,483,647, yaani 2³¹ − 1. Karibu kila sifa ya namba hii inatokana na umbo hilo.

Sifa yake kubwa ni kwamba ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba tasa za umbo hili huitwa tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa wa karne ya 17, na hii ni ya 8 katika safu yao. Kipeo (hapa ni 31) nacho lazima kiwe tasa, ingawa hilo pekee halitoshi: 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Aliyethibitisha kuwa namba yetu ni tasa ni mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa karibu haoni kabisa. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kugawanya kwa kila tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, ambacho hapa ni kama 46,340. Hizo ni tasa karibu 4,800. Euler hakuzipitia zote, kwa sababu kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakishe 1 kikigawanywa kwa 62. Sharti hilo linaziondoa 3, 7, 13 na wenzake bila hata kuzijaribu. Namba 63, 125, 187 na 249 zinalitimiza, lakini si tasa. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311! Sharti la pili ni kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Zikabaki tasa zisizofika 100 kwa idadi, na hakuna hata moja iliyogawanya. Hapo ndipo ninapomvulia kofia Euler: kazi ya maelfu ya hesabu aliifanya iwezekane kwa kalamu na subira.

Ukizidisha namba hii kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe, kama 28 ilivyo 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Mwaka 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana kubwa kuliko hiyo, kwa kuwa namba za aina hii hazina matumizi. Tangu wakati huo zimepatikana zaidi ya 40.

Kwenye kompyuta, ambayo huandika namba kwa 0 na 1 tu, 2,147,483,647 huandikwa kwa tarakimu 1 zilizopangana 31. Programu inayotumia biti 32 (yaani nafasi 32 za 0 au 1), moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, haiwezi kuhesabu kupita hapo. Mifumo mingi huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 1970, na sekunde ya 2,147,483,647 itafika 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 usiku kwa saa za UTC (saa za kimataifa). Mfumo wa biti 32 ambao haujarekebishwa utarukia namba hasi na kusoma tarehe kuwa Desemba 1901.