Alama zimepanda, lakini mguu umefanya kazi?

Wagonjwa ninaowafanyisha mazoezi ya kusimama imara wakiona miwani ya uhalisia pepe (inayomwonyesha mtu ulimwengu wa kompyuta tu) mezani kwangu huuliza kama ndiyo itakayowaponya kuyumba. Hapana. Dawa ni kurudia zoezi mara nyingi mno, kwa ugumu unaomfaa mtu. Mchezo wa kompyuta, wa kwenye miwani au skrini, humfanya arudie bila kukinai, basi.

Ili tusimame wima, ubongo hutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Aliyepoteza hisia za nyayo baada ya kiharusi huegemea zaidi macho; ndiyo maana hutembea akiitazama miguu yake. Sasa mvike miwani iliyoziba kila kitu: haoni miguu wala sakafu. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo simwanzishi na miwani. Namweka mbele ya skrini, juu ya ubao unaopima uzito. Ubao wa Nintendo uliotoka mwaka 2007 ulitengenezwa kwa michezo ya nyumbani na una vihisi vinne tu, lakini unamwonyesha mgonjwa papo hapo anaelemea upande gani.

Tatizo ni kwamba mchezo hulipa matokeo, haujali yamepatikanaje. Aliyepooza upande wa kushoto anaweza kuufikia mpira wa kwenye skrini kwa kupinda kiuno huku uzito wote ukibaki mguu wa kulia. Alama zinapanda, skrini inashangilia, na mguu wa kushoto umestarehe. Kwa hiyo natazama nyonga na magoti kuliko skrini. Nikiona ujanja huo, napunguza kasi na kusogeza shabaha mpaka asiwe na budi kuukanyagia mguu dhaifu.

Utafiti ninaouthamini zaidi ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016. Wazee 302 wenye historia ya kuanguka, wakiwemo wenye ugonjwa wa Parkinson, walitembea kwenye mashine ya kukimbilia mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Nusu yao waliongezewa skrini yenye vizuizi vya kukwepa. Katika miezi sita iliyofuata, kundi hilo lilianguka mara chache kuliko waliotembea tu. Nadhani siri ni kwamba walijizoeza kuamua huku wakitembea, na maisha ndivyo yalivyo. (Hakuna aliyevaa miwani, kumbuka.)

Miwani ina nafasi yake, ila huleta kichefuchefu pale macho yanaposema mwili unasogea na sikio la ndani linakataa. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga simpi kabisa. Anayeyumba sana hufungwa mikanda ya kumshikilia, nami nasimama upande wake dhaifu.

Kila baada ya muda nazima mitambo na kumpima kwa kipimo cha Berg, kinachopima uwezo wa kusimama bila kuyumba: kazi 14, jumla ya alama 56, kama kuinuka kitini, kugeuka, kuokota kitu sakafuni. Za mchezo zikipanda na za Berg zikigoma, nabadilisha mchezo.