Kilomita gawanya kwa kasi: hesabu inayowapoteza abiria wa Mombasa

Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,700 angani. Wengi hugawanya kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa, wakapata saa saba na nusu, kisha wakashangaa tiketi ikionyesha zaidi.

Ile 900 ni kasi ya ndege ikiwa imeshafika juu angani tu. Muda wa ratiba huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa tena; humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupaa, kushuka na foleni ya kutua. Ndiyo maana Nairobi, kilomita 420 tu, huchukua karibu saa nzima badala ya dakika 28. Nayo njia hupinda kukwepa anga iliyofungwa, na upepo wa mbele hula kasi.

Kosa baya zaidi ni kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, kama zilivyo kwenye tiketi. Kila saa ni ya pale uwanja ulipo. Ukiondoka saa nne usiku na kufika Ujerumani saa kumi na moja alfajiri, si saa saba: majira ya baridi ongeza mbili, majira ya joto moja.