Je, wajua doa la nyota ambalo sayari haikulipitia ndilo linaloifanya sayari ionekane kubwa kuliko ilivo?

Tarehe 6 Juni 2012 jua lilipochomoza huku Lamu, Zuhura ilikua tayari iko mbele yake, na waliokua na vioo vya kuchomelea waliiona kama kidoti cheusi juu ya uso wa jua. Kidoti kile kiliziba kama sehemu moja tu katika elfu ya mwanga wote. Sayari za nyota nyingine zinapimwa kwa njia hio hio, ila nyota iko mbali mno inaonekana nukta tu, kwa hivo wanasayansi wanangoja mwanga wa ile nukta upungue kidogo sayari inapopita, na kiasi kilichopungua ndicho kinachowapa ukubwa wa sayari. Mshtarii ikipita mbele ya jua letu ingeziba asilimia 1 hivi, dunia yetu haifiki hata 0.01.

Sasa mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, na hio nyota ikiwa na madoa je?" Nikamwambia doa lina shida pale tu sayari inapolipitia, likiwa kando halina neno. Nilimjibu vibaya. Nilienda kusoma nikakuta doa la kando ndilo la kuogopwa zaidi, na ningependa nilieleze taratibu manake kosa hili linaingia akilini kirahisi sana.

Doa ni mahali ambapo nguvu za sumaku zimezuia joto lisipande kutoka ndani ya nyota, basi pale panapoa. Uso wa jua letu una nyuzi kama 5,500 za Selsiasi, katikati ya doa kubwa zinaweza kushuka hadi karibu 3,500. Doa bado linawaka, ila kwa ufifi.

Haya, chukua gati la Lamu usiku, tuseme lina taa 100 zimepangwa safu, na wewe uko ng'ambo Manda na kifaa kinachopima mwanga wote kwa pamoja, taa moja moja huzioni. Kila taa inatoa mwanga wa 1, jumla 100. Mtu akipita akaziba taa moja, mwanga umepungua asilimia 1, na wewe unasema mtu huyu ana upana wa taa moja, sawa kabisa. Usiku wa pili taa 20 upande wa chini zimefifia nusu, jumla ni 90. Mtu yule yule anapita upande wa juu kwenye taa nzima, anaziba 1, lakini sasa ni 1 katika 90, yaani asilimia 1.11! Hakunenepa. Jumla ndio imepungua, na ukipiga hesabu bila kujua habari ya zile taa 20 utasema ni mkubwa kuliko alivo. Akipita mbele ya taa iliyofifia anaziba nusu tu katika 90, asilimia 0.56, basi kwa muda ule kipimo cha mwanga kinapanda na ukitia pale hesabuni ataonekana mdogo. Hii ya mwisho ndio niliyokua naijua, na afadhali yake inajionyesha yenyewe, kwenye grafu ya mwanga kinatokea kinundu katikati ya lile bonde la mwanga uliopungua. Doa la kando halitoi kinundu chochote.

Kwa mfano wetu upana wa sayari unakosewa kwa asilimia 5 hivi. Inaonekana kidogo, lakini ujazo unakua kwa asilimia 17 na sayari ya mawe inaanza kuonekana nyepesi kuliko ilivo. Nyota tulivu kama jua letu haifiki huko, ni nyota changa na zile ndogo nyekundu ndio huwa na madoa mengi, tena nyingine zina mabaka yanayong'aa kuliko uso wenyewe na hayo yanageuza kosa upande wa pili.

Alafu kuna rangi. Doa linapunguza mwanga wa buluu kuliko wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa hivo sayari inaonekana kubwa zaidi kwenye buluu, na utando wa ukungu kwenye hewa ya sayari hufanya vivo hivo, basi kimoja kinaweza kudhaniwa ni kingine. Nyota ndogo nyekundu ina jengine, madoa yake yamepoa kiasi cha kuwa na mvuke wa maji ndani yake. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipoiangalia sayari ya GJ 486 b, umbali wa miaka ya nuru 26 hivi, dalili ya mvuke ilionekana, na watafiti wenyewe wakaandika kwamba huenda ni hewa ya sayari au huenda ni madoa ya nyota yake.

Ila kile kinundu kina faida, na hapa ndio panaponifurahisha zaidi. Sayari ya WASP-4 b inazunguka nyota yake kwa siku 1.34 tu, ikilipitia doa leo, mzunguko unaofuata nyota yenyewe imejizungusha kidogo na doa limesogea. Njia ya sayari ikiwa sambamba na mzunguko wa nyota inalikuta doa lile lile mbele kidogo, na kinundu kinahama kwenye grafu, njia ikiwa imepinda sana inalikosa. Mwaka 2011 watafiti walikiona kinundu cha WASP-4 kimehama, wakajua sayari na nyota yake zinazunguka karibu kwa mlalo mmoja, na nyota yenyewe ni nukta tu hata kwenye darubini kubwa.