Kabla hujalipia apatimenti Istanbul

Tangu semina za kuuza nyumba za Uturuki zianze kufanyika kwenye kumbi za hoteli Arusha na Moshi, dawati letu la malipo ya nje hapa benki limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja. Mteja amelipa, dalali amebadili kauli au hapokei simu, na sasa mteja anataka benki imrudishie fedha. Makala haya yanaeleza utaratibu ulivyo, huku kwetu na kule Uturuki. Hatumkatazi mtu kununua. Istanbul ni jiji la watu zaidi ya milioni 15, ndege zake zinatua uwanja wa Kilimanjaro (KIA), na wageni wananunua nyumba pale kihalali kila siku. Tatizo ni mpangilio wa dalali, ambao huanza na kulipa na kumalizia na kuuliza.

Uturuki mwenye nyumba ni yule aliyeandikwa kwenye tapu, yaani hati inayotolewa na ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Mkataba uliosainiwa ofisini kwa dalali, hata ukipigwa mihuri mitatu, haukupi nyumba. Unakupa haki ya kumdai aliyesaini, basi. Kwa jengo ambalo bado liko kwenye michoro, mnunuzi makini hudai mkataba wa ahadi ya mauziano ufanyike mbele ya noter, ambaye kule ni mthibitishaji mwenye mamlaka ya kisheria, kisha uwekewe alama kwenye daftari la usajili ili muuzaji asiiuze nyumba hiyo hiyo kwa mwingine. Mwulize dalali wako swali hilo moja na usikilize anavyojibu.

Tapu zenyewe zinatofautiana. Ya kat irtifakı inahusu jengo ambalo kwa daftari la serikali bado linajengwa. Ya kat mülkiyeti inahusu jengo lililokamilika. Katikati yake kuna iskan, kibali cha kukaa watu, kinachoonyesha kuwa jengo limejengwa kama lilivyoombewa kibali. Apatimenti inayong'aa kwenye video na haina iskan inaweza kuwa bado inatumia maji na umeme wa mita ya ujenzi, ambao ni ghali zaidi.

Mgeni anayenunua anahitaji namba ya mlipakodi ya Uturuki, ambayo hutolewa bure kwa pasipoti. Akaunti ya benki kule. Ripoti ya tathmini ya bei kutoka kwa mthamini mwenye leseni. Bima ya lazima ya tetemeko la ardhi, DASK. Na mkalimani aliyeapishwa siku ya kusaini, kama hajui Kituruki. Ada ya kuhamisha umiliki ni asilimia 4 ya bei. Kisheria hugawanywa kati ya muuzaji na mnunuzi, lakini kwa mazoea hubebeshwa mnunuzi yote. Kamisheni ya dalali ni kawaida asilimia 2 kwa kila upande, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo nyumba ya dola 100,000 haiishii dola 100,000, na mtu aliyekopa kiasi kamili cha bei hukwama hapo.

Fedha zinavyotoka

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu.

Tangu Januari 2022, mgeni hawezi kuhamishiwa umiliki bila cheti cha kubadilisha fedha za kigeni, ambacho Waturuki wanakiita Döviz Alım Belgesi. Fedha za kigeni za kununulia nyumba zinauzwa kwa benki ya Uturuki, nayo inaziuza kwa Benki Kuu yao, na cheti kinatoka kwa jina la mnunuzi kwa ajili ya mauziano hayo. Sasa fikiria mtu aliyemkabidhi dalali dola mkononi hapa Arusha, au aliyetuma kwenye akaunti ya kampuni iliyosajiliwa nchi ya tatu. Cheti kitatolewa kwa fedha zipi? Hakitatolewa. Atalazimika kutafuta fedha nyingine ili anunue nyumba aliyokwisha kuilipia.

Kwa upande wetu, Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 na kanuni zake zinatenganisha malipo ya kawaida, kama ada ya shule, matibabu na bidhaa, na uhamishaji wa mtaji. Kununua nyumba nje ni kuhamisha mtaji. Njoo na barua ya maombi kabla hujasaini chochote, ili benki iangalie kama muamala wako unahitaji kibali cha Benki Kuu ya Tanzania. Usiandike "matibabu" au "masomo" kwenye fomu kwa kuwa dalali amekwambia ni rahisi zaidi. Hiyo ni taarifa ya uongo, na mwenye saini kwenye fomu ni wewe, dalali hayumo.

Viambatisho tunavyoomba ni pasipoti, kitambulisho cha NIDA, TIN, rasimu ya mkataba yenye namba za kiwanja na jengo, nakala ya tapu ya muuzaji, ripoti ya tathmini, na ushahidi wa chanzo cha fedha. Wateja hukasirikia hicho cha mwisho kana kwamba tumewaita wezi. Hatujawaita wezi. Sheria ya Kuzuia Utakasishaji Fedha Haramu ya 2006 inatutaka tujue fedha zimetoka wapi, na "nimefanya biashara" si jibu. Kama umeuza kiwanja Njiro, leta mkataba wa mauziano na risiti ya TRA ya kodi ya ongezeko la mtaji. Kama ni mauzo ya kahawa au duka, leta hesabu na uthibitisho wa kodi. Fedha za kikundi cha watu watano zinahitaji maelezo ya wote watano, na majina yao yajulikane kabla, kwa kuwa tapu itaandika waliotajwa kwenye mauziano tu.

Na tafadhali, usigawe malipo vipande vipande ili "usionekane". Hakuna kiasi kidogo kisichoonekana. Muamala wenye mashaka unaripotiwa kwa mamlaka bila kujali ukubwa wake, na sheria inamkataza ofisa wa benki kukwambia kuwa umeripotiwa. Vipande vinne vya dola 9,500 kwa wiki moja vinaleta maswali mengi kuliko TT (uhamisho wa fedha wa benki kwa benki) moja ya dola 38,000 yenye nyaraka zake.

Siku ya kutuma, angalia mambo mawili kwenye fomu ya TT. La kwanza ni jina: liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Akaunti nyingi za hapa zilifunguliwa kwa majina mawili na pasipoti ina matatu, hasa pale jina la babu lilipochukuliwa kuwa la ukoo. Benki ya Istanbul inasoma majina mawili kama mtu mmoja na matatu kama mtu mwingine, inasimamisha fedha, na kurekebisha kunachukua siku nyingi huku muuzaji akikuhesabia. La pili ni gharama za njiani. Ukichagua SHA, benki za kati zinakata chao na fedha zinafika pungufu. Ukichagua OUR, gharama zote zinatozwa huku. Kwa malipo ya nyumba chagua OUR, halafu omba nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT (pacs.008, uliochukua nafasi ya MT103 Novemba 2025), maana ndio ushahidi wako.

Anayetaka kubeba taslimu ajue kuwa dola 10,000 na zaidi, au kiasi kama hicho kwa fedha nyingine, lazima zitangazwe kwa forodha wakati wa kutoka nchini. Kutangaza hakuna adhabu. Kutotangaza kunaweza kukufanya uziache KIA, na kesi juu yake.

Kuhusu pesa ya kushikia nafasi inayodaiwa kwa dola kwenye semina hizi: Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa ndani ya nchi. Mtu anayekupa huduma ya ushauri Arusha anakudai shilingi. Akisisitiza dola taslimu, tena bila risiti ya EFD, umeshajua unaongea na nani.

Pasipoti ya Uturuki na kihamba chako

Matangazo yanasema nunua nyumba upate uraia. Ni kweli kwamba Uturuki hutoa uraia kwa mgeni anayenunua nyumba ya dola 400,000 au zaidi na kuahidi kutoiuza kwa miaka 3; kiwango kilikuwa 250,000 hadi kilipopandishwa Juni 2022. Ni kweli pia kwamba Uturuki inaruhusu uraia pacha. Ukweli wa madalali unaishia hapo. Tanzania hairuhusu. Chini ya Sheria ya Uraia, Sura ya 357, mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza uraia wa Tanzania. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu maalumu. Unganisha sheria hizo mbili uone: apatimenti ya Istanbul inaweza kuleta swali juu ya kihamba (shamba la ukoo) cha Kibosho au shamba la Usa River. Tumeshaulizwa kama mtu anaweza "kukaa kimya tu". Hilo si swali la kuiuliza benki.

Kibali cha ukaazi hakigusi uraia, ila nacho kina masharti. Tangu Oktoba 2023, nyumba lazima iwe ya kuishi na thamani yake ifike dola 200,000. Anayekuuzia ya dola 70,000 akikuahidi ukaazi amekuuzia kanuni za zamani. Zaidi ya hapo, tangu 2022 zipo mitaa mingi iliyofungwa kwa usajili wa wageni wapya kwa kuwa wageni wamezidi kiwango kilichowekwa. Wilaya ya Fatih, kwenye misikiti mikubwa na kuta za kale, na Esenyurt, inayopendwa kwa bei nafuu, zimehusika na katazo hilo. Thibitisha mtaa kwa mamlaka ya uhamiaji ya Uturuki kabla ya kulipa.

Ukienda kuangalia

Safari ya kutalii na safari ya kununua zisiwe moja. Hagia Sophia imesimama tangu mwaka 537 na itakusubiri. Watu wanaopelekwa na dalali kwa siku tatu, kutwa kwenye boti ya Bosphorus na jioni kwenye ofisi ya mauzo, husaini wakiwa wamechoka.

Jambo la kwanza kuuliza ni mwaka wa ujenzi. Ufa mkubwa wa Anatolia Kaskazini unapita chini ya bahari ya Marmara, kusini tu mwa jiji. Tetemeko la Agosti 17, 1999 liliua maelfu mashariki mwa Istanbul, na baada yake ndipo bima ya DASK na ukaguzi mpya wa majengo vilipokuja. Kanuni za ujenzi zilikazwa tena kuanzia Januari 2019. Kwa jengo la kabla ya 2000, shuka hadi chini kabisa uangalie nguzo. Zege lililomomonyoka likionyesha makombe madogo ya baharini limechanganywa na mchanga wa bahari, ambao chumvi yake hula nondo. Nondo laini zisizo na mikunjo ni za zamani. Angalia pia ghorofa ya chini yenye maduka: ukuta au nguzo ikiwa imeondolewa ili kupanua duka, jengo zima limekaa juu ya miguu dhaifu. Wamiliki wanaweza kuagiza kipimo cha sampuli za zege kutoka kampuni yenye leseni. Jengo likitangazwa la hatari, linabomolewa, na tangu Novemba 2023 uamuzi wa kujenga upya unapitishwa na wamiliki wenye zaidi ya nusu ya hisa. Wewe wa Moshi utajulishwa tu, pamoja na mchango unaotakiwa.

Nyumba kongwe za Balat na Galata zinavutia, lakini nyingi zimesajiliwa kama urithi unaolindwa. Kubadilisha dirisha tu kunaweza kuhitaji idhini ya bodi ya uhifadhi.

Kwenye tangazo, 2+1 maana yake vyumba viwili na sebule. Mita za brüt zinajumlisha kuta na sehemu ya korido na ngazi. Zako ni za net. Uliza pia aidat, mchango wa kila mwezi wa jengo. Majengo yenye bwawa na mlinzi yana aidat ambayo hula pango.

Na pango lenyewe hulipwa kwa lira. Mfumuko wa bei Uturuki ulivuka asilimia 85 Oktoba 2022, wakati serikali ilikuwa imeweka kikomo cha asilimia 25 kwa ongezeko la pango la nyumba za kuishi, kikomo kilichodumu hadi Julai 2024. Hesabu za dola mnazoonyeshwa kwenye semina hazina mstari huo. Kupangisha kwa watalii kwa siku 100 au pungufu kunahitaji kibali cha wizara ya utalii, na kibali hakitoki bila ridhaa ya wamiliki wote wa jengo. Faini ya kwanza ya kukosa kibali iliwekwa lira 100,000. Mkazi wa Tanzania anatakiwa pia kuliingiza pango hilo kwenye ritani yake ya TRA, akionyesha kodi aliyokwisha kulipa kule.

Mwenye nyumba akifariki, mirathi ya nyumba iliyoko Uturuki hufuata sheria ya Uturuki, ambapo mjane au mgane mwenye watoto hupata robo. Mila ya kumwachia kitinda mimba nyumba ya wazazi haifiki huko.

Aliyekwisha kulipa kwa TT na ana shaka aje siku hiyo hiyo na nakala ya ujumbe huo wa SWIFT. Benki hutuma ombi la kurejesha, lakini fedha zikishaingia kwenye akaunti ya mpokeaji hazirudi bila ridhaa yake, isipokuwa kwa amri ya mamlaka. Kwa hiyo fungua pia jalada polisi, uambatishe mkataba, risiti na mazungumzo ya simu yakiwa kamili, bila kufuta ujumbe hata mmoja. Aliyelipa taslimu bila risiti aanzie polisi. Kwetu hakuna muamala wa kufuatilia.