Kutoka kwaya hadi chuo cha sanaa: mambo ya kushika kabla ya usaili

Kijana wa Moshi au Arusha anayeomba chuo cha sanaa za maonyesho mara nyingi anatoka kwaya. Huo ni mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Amezoea kusimama mbele za watu, sikio lake linatofautisha sauti nne, na sol-fa, yaani nota za herufi, anaisoma. Lakini kwaya hiyohiyo humlea katika kutegemea wenzake: jirani kwa pumzi, jirani kwa noti, mpiga kinanda kwa mapigo. Chumba cha usaili hufichua yote matatu ndani ya dakika tano, na yote yanarekebishika kwa miezi mitatu ya mazoezi ya kila siku.

Pumzi kwanza. Kwaya hupumua kwa zamu hata bila kupangiana. Wewe ukikatika, mwenzako anashikilia, na mstari unapita mzima. Ukiimba peke yako hakuna wa kukufichia, na ndipo hata mwimbaji mzuri kabisa wa alto (sauti ya pili) anakatika katikati ya neno. Kujipima ni rahisi. Lala chali sakafuni, weka kitabu cha nyimbo juu ya kitovu, vuta pumzi kwa pua mpaka kitabu kiinuke, kisha toa "sss" nyembamba kama tairi la baiskeli lililotoboka. Tazama saa. Sekunde 20 zinatosha kuanzia, na ukifika 30 kwa sauti ileile mwanzo hadi mwisho uko pazuri. Ila usikimbilie 30 kama "sss" yako inaanza kwa kishindo na kuishia kwa mikwaruzo, maana tunachotafuta hapa ni usawa. Baadaye simama mbele ya kioo ufanye tena. Mabega yakipanda, ujue pumzi imeishia juu kifuani, shingo itakaza na noti za juu zitatoka kali na nyembamba. Dakika kumi kila asubuhi zinakufaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

Sasa nota. Karatasi ya kwaya imeandikwa juu "Doh ni F" (yaani doh inaimbwa kwenye noti F), zinafuata herufi d r m f s l t (doh, ray, me, fah, soh, lah, te), nukta pacha za kutenganisha mapigo, nukta moja ya kugawa pigo nusu, na kistari cha kurefusha. Mfumo huu ulienezwa na John Curwen huko Uingereza karne ya 19, na kwetu ulikuja na wamisionari. Wapo wanaouona wa kishamba. Mimi siwaungi mkono: mtu wa sol-fa anasikia undugu wa noti kabla hajaziona, na hicho ndicho kigumu kumfundisha mtu. Kosa ni kuitupa sol-fa halafu kuanza kukariri nota za mistari mitano kama alfabeti ya kigeni. Ipandishe sol-fa yako juu ya hiyo mistari.

Inafanywa hivi. Tazama shapu (♯, alama ya kupandisha noti) au flati (♭, ya kuishusha) zilizoandikwa mwanzoni mwa mstari. Kama ni shapu, ile ya mwisho kulia ni t. Panda nusu toni, yaani hatua moja ndogo kabisa, umefika d. Kwa mfano shapu mbili, F na C: ya mwisho ni C shapu, hiyo ni t, basi doh ni D. Kama ni flati, ya mwisho ni f. Shuka f, m, r, d. Flati moja ni B: B flati ni f, A ni m, G ni r, F ni d. Pasipo na alama yoyote, doh ni C. Ukishaipata, itie alama kwa penseli. Doh ikikaa kwenye mstari, m na s zinakaa kwenye mistari miwili inayofuata juu yake; ikikaa kwenye nafasi, zote tatu zinakaa kwenye nafasi. Kwa wimbo wa kawaida wa kanisani, hapo sehemu kubwa ya noti umeshaipata bila kuhesabu.

Wengi hukwama pawili. Pa kwanza: karatasi ina flati moja, lakini wimbo unatulia kwenye D badala ya F. Hiyo ni maina (ngazi yenye sauti ya huzuni), na makao yake ni l. Usihamishe doh. Imba l kama nyumbani, na s ikipandishwa iite "se". Pa pili ni alama inayojitokeza ghafla katikati ya wimbo: f iliyopandishwa ni "fe", t iliyoshushwa ni "ta". Mwanakwaya ameziimba hizo miaka nenda rudi, ila zikimjia kwa sura ya shapu au flati anadhani ni wageni. Na kama wewe huimba sauti ya tatu (tenor), chukua wimbo unaoujua, uimbe besi yake huku mwenzako akiimba hiyo ya tatu. Ukivutwa na sauti uliyoizoea, umeshajua kazi iko wapi.

Mapigo ndiyo yanayowaumbua hata wenye sauti nzuri. Ngoma zetu nyingi hucheza tatu juu ya mbili, yaani mapigo matatu ndani ya muda uleule wa mawili, na msailiwa anaweza kuambiwa apige mkono mmoja hivi, mwingine vile. Hesabu moja hadi sita, sawasawa. Mkono wa kulia unapiga 1, 3, 5. Wa kushoto unapiga 1 na 4. Ukiunganisha, unasikia mipigo minne yenye urefu tofauti: mrefu, mfupi, mfupi, mrefu. Tamka "twee-nde-mo-shii". Kwenye "twee" mikono yote miwili, "nde" kulia, "mo" kushoto, "shii" kulia. Huhitaji metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo), saa ya ukutani inatosha: kushoto kila sekunde moja, kulia mara tatu ndani ya sekunde mbili. Kwanza iendee kwa nusu ya mwendo huo.

Kosa la kawaida ni kuigeuza kuwa mipigo minne iliyo sawa. Sikio linaridhika, lakini ngoma imekufa. Kujua kama umeangukia humo, simamisha mkono wa kushoto ghafla bila kugusa wa kulia. Kilichobaki kinatakiwa kiwe tatu zilizolingana kabisa. Zikichechemea, ulikuwa unaigiza tu. Ukiweza, ongeza miguu: tembea kwa mapigo ya mkono wa kushoto huku ukipiga makofi ya kulia. Hapo ndipo mwili unapoelewa.

Neno juu ya ngoma yenyewe. Asubuhi za Juni na Julai Arusha zina baridi na ukungu, ngozi inanyonya unyevu na kulegea, na mtu anaongeza nguvu za mkono badala ya kupasha ngoma. Washa nyasi kavu, shika ngoma umbali wa mkono kutoka kwenye moto, izungushe bila kusimama, na kila baada ya muda gonga ukingoni kwa kidole. Ikitoka kwenye "bu" ikaingia "ti", basi, ondoa. Ukiiweka juu ya makaa, ngozi hukauka sehemu moja na kupasuka ukingoni.

Kwa maigizo nitakuwa mfupi. Andaa kipande cha dakika mbili, maneno kama 180 hadi 200. Ukijaza 300 utakimbia, na anayekimbia haonekani akifikiri. Safisha matamshi: thamani si samani, dhana si zana. Na msaili akikuambia urudie kipande hichohicho kwa kunong'ona au ukiwa umekaa, badilisha kweli. Wengi hurudia vilevile kwa sauti ndogo, na hapo wamemwonyesha msaili kwamba hawaelekezeki.

Vyuo vya kuomba ni kadhaa. TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ina muziki, ngoma, maigizo, sarakasi na ufundi wa jukwaa mahali pamoja. Kwa anayetaka shahada ya muziki bila kwenda mbali, kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hapo karibu na Usa River. Mwenye moyo wa taarab na ala zake za nyuzi, udi na ganuni, aangalie chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, Zanzibar. Ngazi ya cheti kwa kawaida hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Hakikisha kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika kabla hujalipa ada ya maombi.

Anayekwenda Bagamoyo kwa basi la Dar anaweza kushuka Msata na kukata kushoto, badala ya kwenda kuzunguka mjini. Fika siku moja kabla ya usaili. Joto la pwani humtoa mtu wa mlimani jasho jingi, kwa hiyo kunywa maji tangu safarini. Na kama umebeba ngoma yako, usiipige kwa kuamini sauti ya jana: ngozi iliyokaza kwa hewa ya Moshi itakuwa imelegea usiku kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo tafuta nyasi kavu mapema.