"No-brainer" sio tusi jamani: Mwingereza na ubongo, Mjerumani na kichwa

Nafundisha Kiingereza cha kazini huku Ujerumani, na kuna siku injinia mmoja alikuja darasani kanuna kweli kweli. Namuuliza vipi, ananiambia katoa wazo lake kwenye mkutano wa mtandaoni, bosi yuko London, akamjibu "that's a no-brainer", basi jamaa akafunga mdomo mpaka mkutano ukaisha. Yeye alisikia "hirnlos", neno la Kijerumani la mtu asiye na ubongo, yaani mjinga wa mwisho. Kumbe kasifiwa! Maana yake jambo liko wazi, halina haja ya kuumiza kichwa, tulifanye tu.

Hili linanigusa sana maana Wajerumani wengi Kiingereza chao ni kizuri, sarufi wanaijua, ila misemo ya ubongo inawaangusha, na sababu naiona hivi: Mwingereza akitaka kusema akili anataja "brain", Mjerumani mara nyingi anataja "Kopf", kichwa, na akitaja "Hirn" lugha inabadilika, inakuwa kali au ya dharau (au ni msosi, maana Austria kuna "Hirn mit Ei", ubongo wa kukaanga na mayai).

Chukua "rack your brains". Sisi tunachemsha bongo, Mjerumani anajivunja kichwa, "sich den Kopf zerbrechen". Sasa hiyo "rack" ilikuwa mashine ya mateso ya zamani, mtu analazwa juu yake anavutwa mikono na miguu, kwa hiyo Mwingereza anautesa ubongo wake mpaka utoe jibu. Nikishawaeleza hivyo wanakumbuka wenyewe kwamba wanao "das Hirn zermartern", ndani yake kuna "Marter", mateso, picha ni ileile, na hapo darasa zima linachangamka.

"Pick your brain" ndio inawasumbua zaidi, wanadhani ni kuchokonolewa. Hapana, mtu anaomba umgawie ujuzi wako kidogo. Wao wana msemo wa kumuuliza mtu mpaka tumbo linatoboka, "Löcher in den Bauch fragen", lakini huo unamfaa mtoto msumbufu wa maswali, haulingani. Mi nawaambia kwa mtu msiyezoeana naye omba tu ushauri kwa maneno ya kawaida.

Na "brainchild" chunga sana, ni kitu ulichokibuni mwenyewe, ni sifa, ila ukikitafsiri "Kopfgeburt", kilichozaliwa kichwani, Mjerumani anaelewa wazo la mezani tu lisilo na uhai. "Brainwash", kumwosha mtu ubongo, haina shida, wao "Gehirnwäsche", neno kwa neno, na mzizi wake ni Kichina, Kiingereza kililipata kupitia mwandishi wa habari Mmarekani Edward Hunter mwaka 1950. "Birdbrain" nayo rahisi, wao wanasema "Spatzenhirn", ubongo wa shomoro, kwetu kichwa panzi, japo ukimwambia Mjerumani ana ndege, "du hast einen Vogel", umemwambia ana wazimu, hilo ni jambo jingine kabisa.

Yule injinia tulikaa baada ya kipindi tukaandika imeili pamoja, mistari miwili tu, kwamba amefurahi wamekubaliana na anaomba kujua lini aanze. Jibu likaja jioni ileile: Jumatatu.